Karakana ya nembo za maaskofu, Mwanza: mbao na mhuri wapeni, kitenge tafuteni kwingine

Kama jimbo lenu limepata askofu mpya na kamati ya mapambo inahangaika nani atachonga nembo yake, someni hapa kabla hamjatoa advansi. Mimi ni mchora mabango wa Mwanza, mtu wa brashi na rangi ya mafuta tangu enzi za kuandika majina ya maduka kwa mkono. Kwa ajili hiyo kamati ilinikabidhi kufuatilia kila kitu chenye nembo: ngao ya mbao ya kuwekwa juu ya kiti cha askofu katika kanisa kuu, bango la kutarizi, mhuri wa ofisi na kitenge cha sherehe. Vyote tulivipeleka karakana moja. Jina lake silitaji, maana nina ya kuisifu na nina ya kuilaumu, na hayo ya kulaumu tumeshayamaliza mezani. Mbele ni duka la sanamu na rozari, nyuma ni uwanja wa mabati unaonukia mninga na vanishi.

Nianze na mbao, kwa sababu ndiko pesa yetu ilikopata thamani.

Mchongaji ni mtu mzima, mpole, haongei sana. Nilipofika na simu mkononi nimwonyeshe mchoro uliotoka kwa katibu wa jimbo, aliusukuma mkono wangu pembeni taratibu. "Kaka, picha tutaiangalia baadaye. Nisomee kwanza maandishi." Nikamsomea: ngao ya buluu juu na kijani chini, katikati mkanda mweupe wa mawimbi; kwenye buluu nyota ya dhahabu yenye ncha nane; kwenye kijani vitumba vitatu vya pamba vyeupe vilivyopasuka. Akauliza swali moja tu. Hivyo vitumba vitatu, maandishi yanasema vikae vipi? Hayakusema. "Basi ni viwili juu, kimoja chini," akajibu mwenyewe, akachora kwa penseli juu ya kipande cha boksi.

Swali hilo lilinitosha kujua nimefika kwa mtu anayeijua kazi. Katika utaratibu wa nembo za kanisa, na za watawala wa Ulaya ambako utaratibu huu ulizaliwa zama za kati, kilicho rasmi ni yale maelezo ya maneno. Mafundi wawili wanaweza kuyasoma maelezo yaleyale wakatoa ngao mbili zisizofanana, moja ina nyota nyembamba na nyingine nyota nene, na zote zikawa halali, mradi vitu, rangi na mahali pake ni vile vilivyotajwa. Vikitajwa vitu vitatu bila kuelezwa mpangilio, kawaida ni viwili juu na kimoja chini, kwa kuwa ngao hupungua upana kuelekea ncha. Fundi asiyelijua hilo atavipanga mstari mmoja, au atanakili picha ya simu pamoja na makosa yake yote.

Maana ya vitu hivyo kila muumini wa kwetu anaisoma bila msaada. Nyota ni Bikira Maria. Mawimbi ni Ziwa. Pamba ni sisi, wazee wetu waliolima na kupeleka mizigo kwenye vyama vya msingi. Chini kwenye utepe kuna kauli mbiu, "Tweka mpaka kilindini", maneno ya Yesu kwa Simoni katika Luka 5:4, baada ya wavuvi kukesha usiku kucha bila kupata kitu. Kwa jimbo lenye wavuvi, Baba Askofu hakuhitaji kutoa maelezo marefu.

Rangi ndizo zilizonifurahisha kuliko vyote. Wataalamu wa nembo wanazigawa mafungu mawili. Kuna metali, yaani dhahabu na fedha, ambazo kwenye rangi huwa njano na nyeupe. Halafu kuna rangi zenyewe: nyekundu, buluu, kijani, nyeusi, zambarau. Kanuni ni kwamba usiweke metali juu ya metali, wala rangi juu ya rangi. Mchora mabango yeyote anaijua kanuni hii hata kama hajawahi kuisikia: andika njano juu ya nyeupe uone kama dereva wa daladala atasoma akiwa ng'ambo ya barabara. Ngao hizi zilianza kwa watu waliotakiwa kutambulikana kwa mbali vitani, ndiyo sababu. Nembo maarufu iliyoivunja kanuni hiyo ni ya ufalme wa kale wa Yerusalemu, misalaba ya dhahabu juu ya fedha, na hadi leo inatajwa kila mahali kwa sababu hiyohiyo. Ya kwetu imepita vizuri: dhahabu juu ya buluu, nyeupe juu ya kijani, na ule mkanda mweupe umezitenga buluu na kijani zisigusane. Aliyeibuni alikuwa na jicho.

Wenye umri wangu wataikumbuka nembo ya Papa Yohane Paulo II alipofika Mwanza Septemba 1990: uwanja wa buluu, msalaba wa dhahabu uliosogezwa pembeni, na chini ya mkono wake herufi M ya Maria. Basi. Hata mtoto angeweza kuichora kwa chaki ukutani. Sasa tazama nembo nyingine zinazotoka siku hizi: kalisi, Biblia, njiwa, mlima, mwenge, ramani, jembe na kompyuta ndani ya ngao moja. Ukisimama hatua kumi huoni kitu.

Ngao yetu ina kimo cha karibu sentimita 90 pamoja na kofia. Buluu na kijani amepaka mikono miwili ya rangi isiyong'aa sana, kwa hiyo taa za altareni hazileti mng'ao wa kuudhi. Nyota aliipaka kwanza njano ya kawaida, akaiacha ikauke, ndipo akapandisha dhahabu. Ndivyo inavyotakiwa, maana dhahabu ya kopo hufunika vibaya, na ukiipaka juu ya mti mtupu baada ya muda inaonyesha madoa ya kahawia. Kidole nilipitisha nyuma ya ncha zote nane za nyota. Kote kumepigwa msasa. Hakuna atakayepaona, lakini pamepigwa.

Sasa kofia, ambako ndiko vichwa vya wengi vinauma.

Juu ya ngao ya askofu hukaa kofia ya kijani, pana, yenye kamba zinazoshuka pande zote mbili na kuishia kwenye vishada vya nyuzi. Wengi pale kanisani waliuliza ni mwavuli wa nini. Kofia hiyo ilikuwa ya kuvaliwa kweli. Papa Innocent IV aliwapa makardinali kofia nyekundu wakati wa Mtaguso wa Lyon mwaka 1245, na baadaye maaskofu wakawa na ya kijani katika nembo zao. Kardinali wetu Laurean Rugambwa alipoteuliwa mwaka 1960, utaratibu wa makardinali kupewa kofia hiyo halisi ulikuwa bado upo. Papa Paulo VI aliuondoa mwaka 1969. Imebaki kwenye michoro, na kwenye michoro ndiyo inayotaja cheo. Vishada vihesabiwe. Askofu ana sita kila upande: kimoja, chini yake viwili, chini yake vitatu. Askofu mkuu ana kumi kila upande, na kofia yake ni ya kijani vilevile. Kardinali ana kumi na vitano, vyekundu. Msalaba unaochungulia nyuma ya ngao nao unasema: mkono mmoja ni wa askofu, mikono miwili ni ya askofu mkuu. Akiwa mkuu wa kanda ya kanisa, huongezewa palio, ule utepe wa sufu nyeupe wenye misalaba myeusi.

Kwa hiyo ukikosea idadi ya vishada umempandisha mtu cheo mbele ya Balozi wa Papa na maaskofu wenzake. Upande wa mbao walikuwa sahihi tangu mchoro wa kwanza. Na zaidi ya usahihi, mchongaji alifanya jambo la akili. Kamba na vishada hakuvikata vikaning'inia hewani. Amevichonga vikiwa vimelala juu ya ubao wa nyuma, kina cha kama nusu kidole. Kamba inayopita mshazari kwenye mti inakata nyuzi za mti, ikining'inia yenyewe itavunjika siku ya kwanza mtu akiifuta vumbi. Ndani ya kila kishada amepitisha patasi ya ncha ya V mara kadhaa, ukikaribia unaona uzi mmojammoja. Nimeona kazi za viwandani zilizoletwa kutoka nje ambazo vishada vyake ni vitone tu.

Hapa niseme la mitra, ile kofia ndefu yenye ncha ambayo askofu huivaa ibadani, kwa sababu litawagombanisha na nyie. Baadhi ya wanakamati wenzangu walitaka juu ya ngao pawe na mitra na nyuma yake fimbo ya kichungaji. "Bila mitra watu watajuaje kuwa huyu ni askofu?" Mchongaji alikataa kabisa, na alikuwa na haki. Maagizo ya Sekretarieti ya Vatikani ya tarehe 31 Machi 1969 yaliondoa mitra na fimbo katika nembo za makardinali na maaskofu, na yakataka nembo ziwe nyepesi na zieleweke. Kinachowachanganya watu ni nembo za mapapa: tangu Benedikto XVI mwaka 2005, pale palipokuwa na taji la kipapa la ngazi tatu pamewekwa mitra, na mapapa Fransisko na Leo XIV wameendelea hivyo. Watu wanaona mitra kwa Baba Mtakatifu, wanadhani na askofu anastahili. Tena mara nyingi nembo ya jimbo lenyewe huwa na mitra, nayo si nembo ya mtu. Tulibishana kikao kizima mpaka Baba Paroko akatuomba tusali tukale.

Kwa mbao tulilipa shilingi 650,000, pamoja na usafiri. Si rahisi. Ila sijaona mahali pengine hapa mjini ambapo ningepewa kazi hii kwa bei hiyo.

Mhuri ndio ulionishangaza. Nilitegemea mhuri wa mpira wa kawaida, ngao imejazwa wino mweusi tii. Kijana wa pale anayeendesha mashine ya kuchoma mihuri aliniuliza kama nataka "mistari ya rangi". Nikamwambia endelea nione. Kuna mtindo wa kuonyesha rangi kwa mistari ambao hutajwa kwa jina la Mjesuiti wa karne ya 17, Silvester Petra Sancta: vitone ni dhahabu, patupu ni fedha, mistari ya wima ni nyekundu, ya kulala ni buluu, na ya mshazari kutoka juu kushoto kwa mtazamaji kushuka kulia ni kijani. Mshazari wa upande wa pili ni zambarau. Huyu kijana anavijua vyote! Na kwa kuwa mhuri huchongwa kinyume ili ukigongwa usomeke sawa, alinionyesha kwenye mpira mshazari ukienda kushoto, kisha akagonga kwenye karatasi ukaenda kulia. Angesahau hilo, pamba ya wakulima wetu ingekuwa imeota kwenye shamba la zambarau, na padre yeyote mjuzi wa mambo haya angecheka. Alinishauri pia mistari iwe michache, maana kwenye mhuri wa sentimita nne wino hujaa katikati ya mistari iliyobanana. Kwa shilingi 45,000 sina neno. Barua za jimbo zinatoka sasa na nembo inayosomeka hata ikitolewa fotokopi.

Bango la kutarizi nitalipitia haraka. Ni zuri, uzi haujavutana, kofia imenyooka. Ila waambieni mapema kama litaonekana pande zote mbili. Ngao ina kulia na kushoto kwake, na kulia kwa ngao ni kulia kwa anayeibeba, si kwa anayeitazama. Kwetu haikuleta shida kwa kuwa vitu vyetu viko katikati, lakini maandishi ya utepe upande wa nyuma yalisomeka kinyumenyume mpaka tulipoomba kitambaa cha pili kishonewe nyuma. Walitutoza nyongeza. Kwa jimbo ambalo ngao yake imegawanywa wima, kama wanavyofanya maaskofu wengi wa Marekani, jimbo kulia na nembo binafsi kushoto, upande wa nyuma ungevuruga maana nzima.

Na kitenge. Hapa ndipo ninapowaambia mtafute kwingine.

Kwanza, hawachapi wenyewe. Wanaandaa faili, wanapeleka oda kiwandani, wanaweka faida yao juu. Si kosa, wengi hufanya hivyo, lakini waseme. Pili, mwandaaji wa faili hana mazungumzo yoyote na yule mzee wa mbao aliye hatua ishirini nyuma yake. Alishusha kofia kutoka intaneti na sampuli ikaja na vishada kumi kila upande na msalaba wa mikono miwili. Tulikuwa tumempata askofu mkuu! Nikamrudishia na maandishi yaleyale niliyomsomea mchongaji, nikayachapa, nikayapigia mstari. Vishada vikarekebishwa. Mzigo mzima ulipofika, vishada vilikuwa sita, msalaba wa mkono mmoja, na juu ya kofia kuna mitra. Mitra juu ya kofia! Nilipouliza nikaambiwa "tuliona pamebaki wazi, tukapendezesha".

Halafu uwanja wa kitenge ni mweupe, na nyota za dhahabu zimetawanywa kila mahali kama mapambo. Njano juu ya nyeupe. Ukiwa benchi la tatu huzioni, unaona kitambaa chenye madoa hafifu. Wangeweka uwanja wa buluu, kazi ingekwisha.

Kubwa zaidi lilikuwa la mkato. Picha ya Baba Askofu wameiweka kubwa, na umbali kati ya picha moja na nyingine ni mrefu, kwa hiyo fundi cherehani hana pa kuchagua: akiiweka kifuani juu, ya pili inaangukia makalio. Mama mwenyekiti wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wa parokia yetu aliishika sketi yake ya kwanza, akaigeuza nyuma, akasema kwa sauti iliyosikika hadi sakristia, "Mimi Baba Askofu wangu simkalii." Akina mama wengi wakashona magauni wakiwa wamekata picha na kuzitupa, wengine wakabakiza utepe wa kauli mbiu tu. Waliofanikiwa ni wale waliokwenda kwa mafundi wenye subira, waliozunguka picha na kuipeleka mgongoni. Wauza vitenge wazoefu wanalijua hili: picha iwe ndogo ndani ya duara, irudiwe kwa karibu, na pembeni pawe na mpaka mpana wa nembo peke yake. Hawa hawakuuliza.

Tulirudishiwa sehemu ya pesa bila kelele nyingi, nalo ni la kuwasifu. Mwenye duka alikuja mwenyewe kwenye kikao, akaomba radhi, akakata asilimia kwenye salio. Lakini sherehe ilikuwa imeshapita, na vitenge vyenye mitra juu ya kofia vitaendelea kuonekana Jumapili kwa miaka.

Jambo la muda mlihesabu vizuri. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 379, inamtaka aliyeteuliwa awekwe wakfu ndani ya miezi mitatu tangu apokee barua ya kitume. Ukitoa muda wa mteule kuchagua nembo na kauli mbiu, na muda wa kuipitisha, fundi anabakiwa na wiki chache. Ngao yetu ilikabidhiwa mapema. Bango lilikuja rangi za ukumbi zikiwa tayari zimepakwa. Kitenge kilichelewa kiasi kwamba mafundi cherehani walikesha. Mkiwaagiza hawa, anzeni na mbao siku ileile maandishi yanapotoka, na muende na maandishi, si picha ya WhatsApp. Dai faili la mhuri mlihifadhi ofisini kwenu, wanalitoa bila malipo ukiomba.

Nyota: mbao tano, mhuri tano, bango nne, kitenge moja, nayo ni ya yule mwenye duka aliyekuja kikaoni. Ngao ikifika kwenu msiipigilie misumari kupitia kofia. Ina matundu mawili ya chuma nyuma, karibu na mabega ya ngao, na inahitaji skrubu ndefu kwa kuwa mninga ule ni mzito. Sisi tulihitaji vijana wanne wa kwaya na ngazi mbili.